Plagi ya Fundi Mbawala

Kuingia si kupatana. Mmelisikia neno hili leo kwa muuza simu, mkacheka mkidhani ni fumbo la ndoa. Si la ndoa, ingawa huko nako linafaa. Kaeni niwaeleze lilikotoka, maana tuliokuwapo tumebaki wachache, na wengine wameanza kulipamba.

Hapa Songea alikuwapo fundi, Gaudensi Mbawala, aliyetengeneza redio na pasi nyuma ya soko. Sifa yake kubwa ilikuwa vitu vya ng'ambo. Mtu akiletewa chaja au mashine ya kunyolea yenye plagi ya meno mawili bapa, isiyoingia kwenye soketi zetu, Mbawala aliikata, akafunga ya kwetu ya meno matatu, na kitu kikawaka. Vitu vile vidogo vingi viliundwa kupokea umeme wa nchi yoyote, lakini yeye aliamini ni mkono wake. Alivimba kichwa, na sisi majirani tulimsaidia kuvimba.

Mama yake, Bibi Sesilia, alikuwa na mapafu yaliyochoka. Alipumua kwa mtungi wa oksijeni alioazimwa na zahanati. Binti yake Editha, anayetunza wazee huko Marekani, alijibana miezi minane akamtumia mashine inayotoa oksijeni kwenye hewa ya chumbani, kwa umeme tu. Ilipofika, bibi alilia kwa furaha.

Siku hiyohiyo zahanati ilileta ujumbe kwamba mgonjwa mwingine anausubiri mtungi. Theodora, mkewe Mbawala, akaomba ubaki hadi kesho, mashine ijaribiwe kwanza. Mbawala aliona anatiliwa shaka mbele ya watu, akakataa. Bibi naye hakupenda kung'ang'ania cha wenyewe.

"Urudisheni," alisema. "Nguo ya kuazima haisitiri matako. Na mwenzangu naye anataka kupumua."

Mtungi ukaondoka. Mbawala akakata plagi, akafunga ya meno matatu, akaichomeka. Iliingia sawasawa. Mashine ikanguruma, majirani tukapiga makofi, na bibi, mrija ukiwa puani, akamwambia mwanawe kwamba hakumzaa bure. Haukupita muda mngurumo ukawa mkali, ikaja harufu ya kuungua, kisha kimya. Mbawala akabadilisha fyuzi, nayo ikaungua. Mtu wa pikipiki akatumwa mbio zahanati, akakuta mtungi umeshafungwa kwa yule mgonjwa mwingine, akaelekezwa hospitali ya mkoa. Aliporudi na mtungi, bibi alikuwa ameshakata roho, vidole vyake vimeshika shati la mwanawe. Naumia hata kusimulia.

Baada ya maziko Editha alipiga simu. Hakugomba. Aliuliza tu, "Kaka, ulisoma kibandiko cha nyuma?"

Mbawala akaigeuza mashine. Volti mia moja na kumi na tano. Umeme wetu ni mia mbili na thelathini. Namba hizo alizijua tangu alipokuwa akijifunza ufundi; siku ile hakuigeuza tu.

Alirudi kazini baada ya arobaini, amekonda. Mteja wake wa kwanza alikuwa Mwalimu Haule, aliyeletewa kutoka Japani mashine ya michezo ya kuchezea kwenye televisheni. Mbawala aliigeuza, akasoma, akamrudishia, akamwambia atafute kwanza transfoma ya kupunguza umeme. Mwalimu akacheka, akisema fundi siku hizi amekuwa mwoga. Akatoa mfukoni adapta ya meno matatu, akapachika plagi yake, akaisogeza kwenye soketi ya ukutani.

"Mbona inaingia, fundi?"

Mbawala akaifunika soketi kwa kiganja.

"Na ya mama iliingia," alisema. "Kuingia si kupatana, mwalimu."

Mwalimu alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Aliikunja waya yake taratibu, akaomba radhi, akaondoka. Maneno hayo aliyapeleka darasani, na watoto wakayaleta majumbani. Mbawala mwenyewe hakuyarudia tena hadi alipokufa, na ile mashine aliiacha pale pale, kando ya kitanda kitupu, plagi yake ya meno matatu ikiwa imefungwa vizuri kabisa.

Kuingia si kupatana.