Kwa Nini Mnunuzi Husema "Ghali!"

Mnanicheka sokoni kwa sababu muuza vitunguu hajamaliza kutaja bei, mimi nishapiga kelele, "Ghali!" Chekeni tu. Lakini neno hilo, wajukuu zangu, halikufika sokoni bure.

Zamani hizo, fedha haijajulikana huku milimani, kulitamka neno ghali mbele ya muuzaji kulikuwa tusi. Muuzaji alitaja anachotaka mara moja tu. Mwenye nacho alitoa, asiye nacho aliinamisha kichwa akaenda zake. Waliiita heshima, na waliipenda sana.

Basi alikuwapo mama mmoja, Nakijwa, aliyekuwa akilea mjukuu mchanga aliyefiwa na mama yake. Mtoto aliishi kwa maziwa ya mbuzi wao mmoja. Mvua za kwanza zikanyesha, na jembe la Nakijwa likavunjika. Akaenda sokoni kwa Senkoro, mhunzi.

"Jembe hili nataka mbuzi wa maziwa," akasema Senkoro.

Nakijwa alilipima jembe mkononi. Bila jembe hakuna mavuno, na bila mbuzi hakuna maziwa. Neno lilimfika kooni, akalimeza. Akamleta mbuzi, akijiambia mtoto atazoea uji. Hakuzoea. Mahindi hayajafika hata magotini, wakamzika.

Senkoro alikuja matangani kama watu wengine, na huko ndiko alikosikia habari ya maziwa. Akamwendea Nakijwa alipoketi, akalia bila kuona haya.

"Mama, mbona hukuniambia? Ningechukua hata kuku. Hata kikapu cha makaa kingenitosha."

"Baba, ulikwisha kutaja. Mimi ningejibu nini?"

Soko lilipokaa tena, Senkoro alisimama mbele ya watu. "Kuanzia leo, anayeona bei inamuumiza aseme ghali, tena kwa sauti. Sitakasirika. Nitamuuliza yeye ana nini." Wazee walinung'unika kwamba anavunja adabu, ila hakuna aliyethubutu kumpinga. Wengi wao ndio waliochimba lile kaburi dogo.

Na tangu siku hiyo mnunuzi husema "Ghali!", naye muuzaji haoni tusi, huuliza tu, "Haya, wewe una ngapi?" Siku hizi twalisema kwa mazoea, hata kwa fungu la mchicha. Si neno. Mimi anayelalamika hanitii hofu. Namhofia yule anayelipa kimya, kisha akaondoka haraka haraka. Huyo mfuateni, mumuulize nyumbani kumebaki nini.