Kofia Iliyovaliwa Kabla ya Mwenyewe

Hapo zamani, na nyie wa kule nyuma nyamazeni kwanza, maana hadithi hii hunipandisha hasira kila ninapoisimulia, palikuwa na mji uitwao Mwambweni. Mji huo ulisifika kwa kofia. Msichana akishaposwa, alimshonea mchumba wake kofia ya vito, yaani vitundu vilivyozungushiwa uzi, tundu moja moja kwa sindano, kwa nakshi yake mwenyewe. Mchumba naye alitembea kichwa wazi mpaka siku ya arusi, ndipo avikwe. Kofia hiyo haikujaribiwa kichwani kwa mtu. Ilipimwa juu ya sufuria ndogo iliyopinduliwa, basi.

Batuli alikuwa yatima aliyelelewa na shangazi yake, Mwanakheri. Akaposwa na Famau, fundi wa kuchonga milango. Akaanza kushona. Mwezi wa kwanza akashona, wa pili akashona, wa tano akashona, mpaka akawa anatokwa na machozi kila akiinua uso. Famau naye juani kichwa wazi, msikitini kichwa wazi, wenzake wakimtania, "Mchumba wako anashona kofia au anashona hema?" Yeye anangoja tu.

Mwezi wa nane akaja Mwingereza, Bwana Pelham, akapanga chumba cha juu kwa Mwanakheri. Kwao London alikuwa mtu mkubwa. Utotoni aliwavisha dada zake mapazia ya mama yao, akawapiga picha. Ukubwani akawapiga picha wake za mabwana wakubwa, akabuni na mavazi ya michezo ya kuigiza, majumba yakajaa watu kwa ajili ya nguo zake. Alikuwa na mazoea yake: habuni vazi mpaka kwanza alivae la mwenzake, asimame mbele ya kioo, ajipige picha. Kanzu alivaa, joho alivaa, hata kanga za Mwanakheri alijifunga. Watu walicheka, kisha wakazoea.

Mwezi wa kumi Batuli akashikwa na homa, akawa hajitambui. Pelham akampa shangazi kwinini yake yote, asijibakizie hata kidonge. Batuli akapona, na mwezi wa kumi na moja akaimaliza kofia. Siku moja akaenda matangani mtaa wa pili. Pelham akashuka ngazi.

"Mama, niazime kofia ile," akasema. "Niichore tu."

Mwanakheri aliijua mila, na mpangaji wake alimjua vilevile. Akampa. Alasiri kofia ikarudi, na ndani yake unywele mmoja wa manjano. Mwanakheri akaunyofoa, akaifua kofia, akaitia wanga, akairudisha juu ya sufuria. Hakusema neno kwa Batuli. Hapo ndipo mimi huanza kusaga meno.

Pelham akarudi kwao, arusi ikafungwa, Famau akavikwa. Miaka saba aliivaa kila Ijumaa, na Batuli alisimama mlangoni kumtazama akienda. Ya mbali aliyaona. Ya karibu yalikuwa ukungu mtupu, kazi ile ilishammaliza macho, hata uzi hakuweza tena kuutunga kwenye sindano. Kofia ile ilikuwa ya kwanza kwake na ya mwisho.

Mwaka wa saba gazeti la picha likafika kwa kinyozi. Ndani yake yumo Pelham, mshindi wa tuzo ya mavazi, katika picha aliyojipiga mbele ya kioo kule juu kwa Mwanakheri, kofia kichwani, anacheka. Famau akaivua yake, akailinganisha, nakshi ni ile ile. Akarudi nyumbani.

"Batuli, nani alikuwa wa kwanza kuivaa hii?"

"Wewe."

Akamtupia gazeti mapajani. Batuli akalisogeza mbali, akalisogeza tena, mpaka akaona.  Akamwendea shangazi yake, na shangazi akasema yote. Mwezi haukwisha, Pelham mwenyewe akatokea, ati amekuja kuiomba kofia aipeleke makumbusho kwao. Wakaenda wote wanne kwa kadhi, kofia ikawekwa juu ya mkeka.

Famau akasema, "Nilipewa mimi. Miezi kumi na mmoja jua limenichoma utosi, nikachekwa, nikangoja, ili kichwa changu kiwe cha kwanza. Leo mji mzima unasema navaa mtumba wa Mzungu. Ni yangu, naitia moto, kisha nitakaa na mke wangu na yatakwisha."

Mwanakheri akasema, "Kushona alifundishwa na mimi, uzi nimenunua mimi. Na huyu Mzungu aliniachia mtoto hai. Bila dawa yake kofia ingebaki nusu na mshonaji angekuwa kaburini. Nimnyime kofia ya siku moja? Nipeni niifungie sandukuni, fitina ife."

Pelham akasema, "Nilikosa, sikujua mila."

"Ulikuwa umekaa kwetu miezi minne," Batuli akamkata.

"Lakini siku ya tuzo nilisimama mbele ya watu nikasema, kofia ya kwenye picha hii imeshonwa na mwanamke wa Mwambweni. Hapa italiwa na moto au na mende. Mimi nitaiweka ndani ya kioo, ionekane miaka mia. Na jina lake nitaliandika chini ya langu."

"Jina langu nani?" Batuli akamuuliza.

Pelham hakulijua. Miaka saba hakuwahi kuuliza.

Batuli akamgeukia kadhi. "Mmoja anachoma, mmoja anafungia, mmoja anaonyesha. Hakuna aliyeniuliza. Macho yangu yamebaki humo, Sheikh. Nirudishiwe mimi. Nitakachoifanyia sisemi, kwa kuwa nao hawakuniambia walichoifanyia."

"Lakini ulishampa mumeo, mwanangu," kadhi akasema. "Zawadi hairudi."

"Nilimpa kofia ambayo haijavaliwa na mtu. Hiyo haikuwepo, basi sijampa kitu."

Famau akainuka. "Akipewa yeye, Sheikh, mimi leo sirudi nyumbani."

"Usirudi," Batuli akasema.

Kadhi akaitazama kofia, akaitazama tena. Alikuwa na vitabu ukuta mzima, na vyote havikumpa hukumu siku ile. Sasa nyie mnaonikodolea macho, msiniangalie mimi, mimi nimeshasema yangu. Yupo aliyeshona, yupo aliyengoja, yupo aliyemfundisha mshonaji, yupo aliyemwokoa. Je, nani alistahili kuondoka na kofia ile? Na huyo utakayemtaja, mtaje kana kwamba Batuli amekaa hapa mbele yako.