Kwa Nini Watu wa Makutwe Hawabishani Njiapanda

Zamani, njiapanda hii mliposimama ilikuwa na kelele kuliko mnada wa ng'ombe. Kila mtu wa Makutwe alikuwa na njia yake ya kupanda mlimani, na aliamini ya mwenzake ni ya kipuuzi. Mavuno ya zabibu yakiisha, divai ikishatiwa kwenye mapipa, watu walifunga chakula wakaja kutembea siku nzima, kama mlivyokuja nyinyi leo. Wengine walifika hapa mapema wakabishana mpaka umande ukakauka na jua likawachoma utosi. Wakala chakula chao papa hapa, wakarudi nyumbani wamenuniana, na mlima hawakuukanyaga.

Enzi hizo aliishi hapa mjane mmoja, Mbeleje, aliyelima zabibu upande wa chini kule. Mwaka mmoja alianza kukosea shambani. Alikata vichala vibichi akaviacha vilivyoiva, na wenzake wakadhani ni uchovu. Kumbe macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Mganga alimtazama, akamwambia asijidanganye, ukungu ule utazidi kila mwezi. Mbeleje hakulia. Alirudi nyumbani akawaita wanawe wawili, Chilewa na Mazoya, akawaambia, "Nitoeni siku moja. Nataka kutembea nikaone, kabla giza halijanifika."

Vijana wale walimpenda mama yao. Nasema wazi, maana mapenzi hayo ndiyo yaliyoharibu mambo. Chilewa, mkubwa, alitaka mama apate kilicho bora kabisa, nacho kwake kilikuwa Njia ya Jabali. Ukifika juu, unaiona nchi yote mpaka inapogusana na mbingu. Mazoya akasema huko ni kumchoma mama kwa jua bure, afadhali Njia ya Korongo, yenye mikuyu mikubwa na kivuli mwanzo mpaka mwisho.

"Kivuli hata nyumbani kipo," alisema Chilewa.

"Na vumbi je, halipo?" akajibu Mazoya. "Unataka apande kutwa nzima akaone vumbi?"

Wakaondoka hivyo hivyo, mama akiwa katikati, ameshikwa mkono na Nyendo, mke wa Chilewa. Walipofika njiapanda wakasimama. Mmoja akavuta huku, mwingine kule. Wapita njia wakachangia, kila mmoja na sifa za njia yake. Mbeleje akakaa kwenye jiwe akawangoja. Jua lilipopanda sana, Nyendo akamrudisha nyumbani.

Basi wakaamua kuzikagua njia zote mbili kwanza, ili wasikosee. Chilewa akaenda Jabali akarudi na sifa mara dufu. Mazoya akaenda Korongo akarudi na zake. Wakauliza majirani, na majirani nao wakagawanyika. Wakamtoa mama mara ya pili. Wakakwama palepale, wakarudi. Kisha mvua zikaanza, njia zikateleza, ikabidi kungoja. Nyendo alikuwa akimwona mama mkwe wake anavyopapasa ukuta kuutafuta mlango, na hasira zikampanda, lakini aliwaheshimu wenye mama yao, akamshika mkono akamwongoza.

Mvua zilipokatika walitoka tena. Hapa hapa, Chilewa alikuwa ameshaanza, "Mimi nasema Jabali kwa sababu..." Nyendo akatupa kapu la chakula chini.

"Basi!" alisema. "Basi, jamani! Tangu mavuno mnabishana. Kuna aliyemuuliza mama?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Mama," Nyendo akasema, "wewe unataka njia gani?"

"Ya Bwawani," akajibu Mbeleje.

Walishangaa. Njia ya Bwawani ni fupi, tambarare, njia ya kupeleka mbuzi maji. Hakuna aliyewahi kuihesabu miongoni mwa njia za kutembelea. "Nilipoletwa huku kuolewa," akasema, "tulipita pale. Nilinawa uso nikatazama upande huu, nikaona moshi wa nyumba zenu, nikajiambia, kumbe ndiko nitakakoishi. Nilitaka kupaona tena."

Wakaenda. Walifika jua likiwa bado la asubuhi. Mbeleje akasimama ukingoni, akageuza uso huku na huku kama mtu anayetafuta sauti. Kisha akauliza, "Tumefika?"

Hapo ndipo walipojua. Aliona mwanga tu, zaidi ya hapo hakuona kitu.

Chilewa akaharakisha kumsaidia. "Mama, maji yametulia, ni ya buluu."

"Buluu wapi?" akasema Mazoya. "Ya kijani haya."

"Nyamazeni!" Mbeleje hakuwahi kuwapigia kelele tangu wakiwa wadogo. "Mmeyabishania macho yangu mpaka yamekwisha. Hata hapa?"

Wanaume wazima wale wakakaa chini majanini, wakalia. Mama yao hakuwabembeleza. Alimshika Nyendo mkono, akainama akanawa uso, akamwambia, "Niambie wewe, polepole." Nyendo akamwambia: bata wawili, matete, mbuzi wanakunywa, na ng'ambo moshi unapanda kutoka kwenye nyumba. Mbeleje akasikiliza, uso wake ukilowa maji na machozi, mpaka akatosheka.

Mavuno yaliyofuata Chilewa alikuja kusimama hapa. Kila kundi lililoanza mabishano alilisimulia habari hii, bila kujificha, mpaka watu wakaona aibu. Na kuanzia mavuno hayo mpaka haya ya leo, mtu wa Makutwe akifika njiapanda hufunga mdomo. Anayechagua ni yule mwenye nguvu kidogo kuliko wote, mwenye miguu mibovu au macho hafifu, na wengine humfuata bila neno.

Sasa nyinyi nimewasikiliza tangu nifungue mlango wa nyumba yangu hapo. Jabali, Korongo, Jabali, Korongo, mpaka kichwa kinaniuma. Wewe mama uliyekaa pale unasugua goti, hebu sema. Unataka njia gani?