Mghoi na Chui wa Chemchemi

Kaeni!

—Tumekaa!

Masikio yako wapi?

—Yako wazi!

Nimimine?

—Mimina, tukinge!

Basi, hapo kale, kale ya mababu wa mababu, wakati wanyama na watu walipokuwa bado wakisemezana, palikuwa na kijiji chini ya mlima. Kijiji hicho kilikuwa na chemchemi moja tu, huko juu kwenye miamba. Watu walikuwa wakiteka hapo. Mbuzi walikuwa wakinywa hapo. Nyani na ngiri nao, hapo hapo.

Katika kijiji hicho aliishi mama mmoja, jina lake Mghoi. Mwembamba! Mwembamba hata mawifi zake wakamtania: Mghoi akisimama kando ya mchi, hujui utwange kwa upi.

Mwaka huo jua likawaka, mito ikakauka, ikabaki chemchemi peke yake. Na katika kiangazi hicho Wakesho, binti yake Mghoi, akajifungua mtoto wa kike. Vigelegele! Lakini wanawake waliopanda kuteka maji ya kumwogesha mtoto wakarudi mbio, vibuyu vitupu.

"Chui! Kuna chui kwenye chemchemi!"

Nyani akasema, "Mimi ni mwepesi, nitakunywa nikimbie." Akapanda. Chui akanguruma:

"Nani anakanyaga majani yangu?"

"Mimi Nyani. Nina kiu."

"Kiu yako niipeleke wapi? Rudi!"

Akamrukia. Nyani akaporomoka mlima, puru, puru, puru, manyoya yakabaki kwenye miiba.

Siku ya pili Ngiri akasema, "Mimi nina pembe." Akapanda.

"Nani anakanyaga majani yangu?"

"Mimi Ngiri. Nina kiu."

"Kiu yako niipeleke wapi? Rudi!"

Ngiri akaporomoka mlima, puru, puru, puru, mkia juu.

Siku ya tatu, asubuhi, Mwadime akasema, "Mimi nina mkuki." Huyu Mwadime alikuwa shemeji yake Mghoi, mwindaji, tena mwenye maneno mengi. Akapanda. Akarudi puru, puru, puru, shuka imechanika nyuma, amejiziba kwa jani la mgomba.

Msicheke. Nyumbani kwa Mghoi hakukuwa na kicheko. Maji ya akiba yalikuwa yamebaki kata moja. Wakesho alikuwa amelala midomo imekauka, maziwa hayatoki, na mtoto analia kwa sauti inayozidi kufifia.

Mghoi akamwuliza Mwadime, "Shemeji, huyo chui alikung'ata?"

"Hakuning'ata. Alinipiga kucha, akarudi mbio kwenye miamba yake."

"Na Nyani, alimla?"

"Hakumla."

"Na Ngiri?"

"Hakumla."

"Chui gani huyu, anamkamata nyani halafu anamwacha? Huyu hatafuti nyama. Huyu ana jambo."

"Shemeji, jambo lake ni meno! Ngoja nikusanye wanaume tukammalize."

"Mpaka umalize kukusanya, mwanangu atakuwa hai?"

Mwadime akaenda kuwaita wanaume. Mghoi akajifunga nguo, akachukua kibuyu, akapanda mlima huku akiimba:

*Chui wee, chui,*
*sikuja na mkuki,*
*nimekuja na kibuyu,*
*mwanangu ana mtoto.*

Akaimba chini ya mlima. Kimya. Akaimba katikati ya mlima. Ngurumo. Akaimba kwenye miamba, na chui akatokea. Mbavu zinahesabika, macho mekundu.

"Nani anakanyaga majani yangu?"

"Mimi Mghoi. Nina kiu. Na wewe, mwenzangu, una nini?"

Chui akanyamaza. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Na katika ule unyamavu Mghoi akasikia kilio chembamba, kinatoka ndani ya jiwe.

"Ni mwanangu," chui akasema. "Ametumbukia kwenye ufa. Siku ya tatu leo. Mabega yangu hayapiti. Kila anayekuja hapa naona amekuja kumla."

Mghoi akachungulia ule ufa. Mrefu, mweusi, mwembamba.

"Mimi napita," akasema.

"Ukimdhuru, nitakurarua."

"Najua."

"Ukimwangusha, nitakurarua."

"Najua."

"Na uki—"

"Mama mwenzangu, tunachelewa."

Akashuka. Jiwe likamchubua magoti, likamchubua viwiko, likamchubua mgongo. Kule chini akakipapasa kitoto cha chui, chepesi kama kuku. Kikamparura shingo. "Parura tu," akakiambia. "Mwenzako nyumbani naye analia." Akakifunga kifuani kwa ncha ya nguo yake, akaanza kupanda. Alipokaribia juu, akasikia vishindo vya watu.

Wanaume! Mikuki inametameta juani!

"Umenidanganya!" chui akanguruma. "Umeniletea mikuki!"

Mwadime, aliposikia kitoto kikilia ufani, akapiga kelele, "Shemeji! Usimtoe huyo mtoto! Mshikilie! Ndiye ngao yako!"

Mghoi akawaza mle ndani. Kweli, akikishikilia kitoto, chui hatathubutu. Wanaume watamchoma, naye atatoka salama. Lakini moyo wa kile kitoto ulikuwa ukipiga juu ya moyo wake, tu-tu-tu, tu-tu-tu.

"Mwadime, weka mkuki chini!"

"Utaliwa!"

"Weka chini!"

"Utaliwa, shemeji!"

"Mwadime! Weka chini!"

Mwadime akauweka. Wenzake wakaiweka yao. Mghoi akakifungua kitoto, akakiinua kwa mikono miwili, shingo yake wazi kabisa. Akafumba macho. Pumzi ya moto ikapita juu ya vidole vyake, na mikono ikawa mitupu.

Akajaribu kujivuta. Nguvu zimekwisha. Akaanza kuteleza. Mara akahisi nguo yake imekamatwa mgongoni, anavutwa, anavutwa, mpaka akaanguka juu ya majani kifudifudi. Alipofumbua macho, chui alikuwa akitema uzi wa nguo.

Chui akamlamba mwanawe toka kichwani mpaka mkiani, kisha akawatazama wale wanaume. "Asubuhi ni yenu," akasema. "Jioni ni yangu." Akakibeba kitoto, akapotelea miambani.

Siku hiyo Wakesho akanywa kata tatu bila kupumua. Maziwa yakatoka. Mtoto akanyonya, akaogeshwa, akalia kilio cha mtu aliyeshiba, na nyumba nzima ikacheka. Hata Mwadime akacheka, ingawa alikwisha kuanza kusimulia kwamba yeye ndiye aliyemfukuza chui.

Mawifi wakamwuliza Mghoi, "Uliwezaje kumpa yule mtoto? Hukuogopa?"

Akajibu, "Niliogopa, na hadi leo naogopa. Lakini mtoto alikuwa wake."

Wajukuu zangu, mkimkuta mkali amekaa njiani, kwanza mwulizeni ana nini. Ila mwulizeni kwa mbali, mbio zenu mkiwa mmezishika mkononi!

Hadithi imekwenda kwake, nami nakwenda kwangu. Na wewe uliyesinzia katikati, usinidai. Nusu yako amekula jirani.