Safu Iliyonyooka

Imepokewa kwa wazee wetu, nao waliipokea kwa wazee wao, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Zabrani palikuwa na Kadhi Mkuu aliyeitwa Mundhiri bin Wahbi, Mungu amrehemu, mtu wa ibada nyingi na maneno machache. Makadhi wa miji yote ya nchi ile walikuwa chini yake. Aliyeshindwa kwa kadhi wa mjini kwake alikuwa na haki ya kuleta rufaa Zabrani, na likishaamuliwa Zabrani, hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha hapa duniani.

Nanyi mwaijua hali ya binadamu. Ni nani aliyewahi kushindwa barazani akarudi nyumbani akisema, "Kadhi kapatia"? Kila aliyeshindwa alijiona kadhulumiwa, na kila aliyejiona kadhulumiwa alifunga safari. Walikuja kwa punda, walikuja kwa miguu, wakajaza ukumbi hadi barazani kwa nje. Kadhi Mundhiri naye alikuwa mtu mmoja mwenye masikio mawili. Lau angejaribu kuwasikiliza wote, wenye haki wangekufa wakingoja zamu nyuma ya wenye ubishi. Kwa hiyo ilimlazimu achague.

Alichagua kwa kanuni aliyoachiwa na mwalimu wake, Sheikh Kutaiba, aliyekikalia kiti kile kabla yake. Kila Alhamisi baada ya swala ya Alasiri, bawabu wa baraza, mzee Zurara, alisimama ukumbini akamwuliza kila mleta rufaa swali moja: "Je, katika jambo lako makadhi wamehitilafiana?" Ikiwa kadhi wa mji huu amesema ndiyo na kadhi wa mji ule amesema siyo, rufaa iliingia, ili sheria isiwe na sura mbili katika nchi moja. Ikiwa makadhi wote wana kauli moja, Zurara alisema, "Limekwisha kusemwa," na mtu huyo akashika njia. Kadhi mwenyewe aliketi nyuma ya pazia, akisikia sauti bila kuona nyuso, asije akavutwa na kilemba cha tajiri wala machozi ya maskini. Ilikuwa kanuni njema, ndugu zangu, wala tusiibeze.

Alhamisi moja alisikia sauti ya mwanamke.

"Naitwa Rumaisa. Mimi ni kipofu, na ni mjane. Mume wangu alipofariki, ndugu yake alimchukua binti yangu Lubaba akaenda kumlea yeye. Nilikwenda kwa kadhi wa mji wetu, akasema kipofu halei mtoto. Nikaenda kwa kadhi wa mji wa pili, naye akasema kipofu halei mtoto."

"Makadhi wamehitilafiana?" akauliza Zurara.

"Hawakuhitilafiana, baba."

"Limekwisha kusemwa, bibie. Nenda kwa amani."

Akaenda. Alhamisi iliyofuata akarudi, akaulizwa lile lile, akajibu lile lile kwa ukweli, maana hakuwa mtu wa kusema uongo ili mlango ufunguliwe. Ikawa ndiyo ada yake. Watu wa ukumbini walimzoea, wakawa wanamwachia nafasi karibu na nguzo, na fimbo yake ilipogonga kizingiti Zurara alikuwa amekwisha kushusha pumzi.

Hata siku moja bawabu akachoka. Hakuwa mtu mbaya, ila subira yake ilikuwa fupi kuliko ndevu zake. "Bibie," akasema, "makadhi wote wa nchi hii wako kauli moja, na kauli yenyewe ni ya Sheikh Kutaiba, aliyewasomesha wote. Wewe peke yako ndiye unayeona walipokosea? Penye wazee hapaharibiki neno."

Bi Rumaisa akasema kwa utaratibu, "Baba yangu, sikuzaliwa kipofu. Ndui ilinipofua nilipokuwa msichana. Kabla ya hapo nilipata kuona wasafiri waliofika kijijini kwetu siku ya mawingu mazito. Wakati wa swala uliingia, imamu wao akatangulia, nao wakapanga safu nyuma yake. Safu ilinyooka, wallahi, sijaona safu iliyonyooka kama ile. Na wote walikuwa wamekipa kibla mgongo. Hawakukosea kwa kuwa ni wajinga, baba. Kila mmoja alimtazama imamu tu, na imamu alikuwa amekosea."

Zurara akasema alilolizoea: "Limekwisha kusemwa." Lakini safari hii hakulisema kwa sauti kubwa.

Nyuma ya pazia Kadhi Mundhiri aliyasikia yote. Kwanza alikasirika, na hilo tusimfiche. Sheikh Kutaiba alikuwa kwake zaidi ya baba. Alimpokea akiwa yatima, akamfundisha kusoma, akamfundisha kuhukumu, akamfundisha hata kunyamaza. Leo mwanamke wa kutoka huko mbali asimame amwite imamu aliyekosa kibla? Kisha ile hasira ikapoa, na kilichobaki kilikuwa kizito zaidi. Alijikumbuka. Katika miaka yake yote ya ukadhi, hukumu juu ya mama kipofu aliipokea kwa mwalimu kama mtu anavyopokea tende mkononi, akala, wala hakutazama ndani yake mna nini.

Na hapa ndipo palipokuwa na mtihani wake, ndugu zangu, kwa kuwa alikuwa na pa kujificha pazuri kabisa. Kanuni ilikuwa upande wake. Angeketi kimya nyuma ya pazia, na hakuna kiumbe ambaye angemlaumu. Angelifungua jambo lile, ingesemwa mji mzima kwamba Mundhiri, baada ya kula chumvi ya mwalimu wake, anamvua kilemba kaburini.

Siku makadhi wa miji walipokusanyika Zabrani kwa baraza lao, aliwauliza wale wawili waliomhukumu Bi Rumaisa, kila mmoja peke yake: "Mama yule alipofika mbele yako, ulimwuliza nini?"

Wa kwanza alishangaa. "Palikuwa na la kuuliza, Sheikh? Si hukumu ya mwalimu wetu?" Wa pili akajibu vivyo hivyo, neno kwa neno, kana kwamba wamekaririshwa. Na kwa hakika walikuwa wamekaririshwa.

Basi Mundhiri akaenda nyumbani kwa marehemu mwalimu wake. Alimkuta mjane wake, Bi Atika, ameketi mkekani akichambua dengu. Akaamkia kwa adabu, akaulizwa hali, akajibu, akakaa. Kisha akasema, "Mama, nimekuja na swali, nami nakuomba radhi kabla ya kuliuliza. Ni juu ya hukumu ya marehemu kwamba kipofu halei mtoto."

Bi Atika akauweka ungo chini. "Umechelewa, mwanangu. Mwenyewe alikungoja."

"Aliningoja mimi?"

"Wewe, au mwenzako yeyote. Tangu siku alipoitoa hukumu ile kwa mama mmoja kipofu, zamani hizo, moyo wake haukutulia. Aliwahi kuniambia, akiwa juu ya msala, 'Atika, nahofia nimemdhulumu yule mama. Laiti jambo hili lingerudi kwangu nilitazame upya.' Lakini kadhi hahukumu lisilofikishwa mbele yake, na kanuni yake waijua wewe kuliko mimi. Jambo halimfikii mpaka makadhi wahitilafiane. Akangoja mmoja wenu ahitilafiane naye. Nanyi mlimpenda, mkamstahi, mkahukumu kama yeye, kila mmoja na mji wake. Likawa halirudi tena."

"Kwa nini hakutuambia, mama?"

"Aliwaambieni. Kila mwisho wa darasa si alisema, 'Niulizeni'? Nanyi mlimbusu mkono, mkaenda zenu." Akauchukua ungo wake tena, na sauti yake ikalainika. "Sikulaumu, mwanangu. Ila amekufa akingoja."

Kadhi Mundhiri akatoka pale akilia njia nzima, wala hakujifuta. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na watoto wadogo wanalijua hilo. Wao, wanazuoni wa nchi nzima, walidhani kutouliza ndiyo adabu, wakamwacha mzee wao peke yake na shaka yake mpaka kaburini.

Alhamisi ilipofika, baada ya Alasiri, fimbo ikagonga kizingiti. Kabla bawabu hajafungua kinywa, pazia likasogezwa, Kadhi Mkuu akatokeza ukumbini, jambo ambalo halikuwa limepata kutokea. "Jambo la Bi Rumaisa litasikilizwa," akasema.

Zurara akababaika. "Sheikh wangu, makadhi hawakuhitilafiana."

"Sasa wamehitilafiana," akasema Mundhiri. "Nami ndiye niliyehitilafiana nao."

Siku ya shauri aliitwa Ghalibu, shemeji yake Bi Rumaisa. Wengi walidhani wataona jitu dhalimu. Akaingia mtu mpole, mwenye haya, na nje alimwacha mkewe pamoja na mtoto. Alieleza kuwa Mungu hakumjaalia mtoto wake mwenyewe, kwamba anampenda Lubaba kama aliyemzaa, na kwamba alimchukua kwa kuwa aliambiwa hiyo ndiyo sheria.

"Ndugu yako, marehemu, alikuwa na kazi gani?" akauliza Kadhi.

"Alikuwa mtu wa misafara, Sheikh. Akiondoka, hata msimu mzima hukumwona."

"Na msimu huo mzima mtoto alikaa na nani?"

Ghalibu akainamisha kichwa. Aliliona swali linakoelekea, na mtu mwingine angetafuta njia ya kulikwepa. "Na mama yake."

"Alikuwa akiona wakati ule?"

"La. Alimzaa akiwa kipofu, akamnyonyesha akiwa kipofu, mtoto akajifunza kutembea ameshika nguo yake."

"Je, aliungua motoni? Alitumbukia kisimani? Alilala na njaa?"

Upande mmoja ulikuwa moyo wa mtu asiye na mtoto, na upande wa pili ulikuwa kiapo cha kusema kweli. Machozi yakamtoka Ghalibu. "La, wallahi," akasema. "Hakupatwa na moja katika hayo. Na lau ningeulizwa hivi siku ya kwanza, Sheikh, ningejibu hivi hivi. Hakuna aliyeniuliza."

Kadhi Mundhiri akahukumu kwamba upofu peke yake haumwondolei mama haki ya kulea, na kwamba kila mama atazamwe alivyo, yeye na nyumba yake na majirani zake. Akaamuru Lubaba arudishwe kwa mama yake, na akamwusia Bi Rumaisa asiwafungie Ghalibu na mkewe mlango. Naye akajibu, "Mwenye kusema kweli namna ile, Sheikh, namfungiaje mlango?"

Mtoto akaletwa. Alisimama mbele ya mama yake kimya, kwa haya, kama watoto wanavyosimama mbele ya mtu waliyemtamani muda mrefu. Bi Rumaisa akaweka fimbo chini, akanyoosha mkono kukishika kichwa cha binti yake. Aliunyoosha pale mkono wake ulipokikumbuka, chini, karibu na kiuno. Kichwa hakikuwapo. Vidole vikagusa kifua cha mtoto, vikasita, vikapanda shingoni, vikapanda mashavuni, na hatimaye vikakuta nywele.

"Umekua," akasema.

Lubaba akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaubana kichwani pake usiondoke.

Inasimuliwa kwamba tangu siku ile kanuni ya Zabrani haikufutwa, maana nchi haikuishiwa na wabishi. Ila bawabu aliongezewa swali la pili. Mtu akisema makadhi hawakuhitilafiana, humwuliza pia: "Na kila mmoja wao alilitazama jambo lako, au alimtazama mwenzake?" Na mzee Zurara, wanasema, aliliuliza kwa subira ambayo watu hawakujua alikuwa nayo.

Watu walipomsifu Kadhi Mundhiri kwa uadilifu wake, alikuwa akisema, "Msinisifu. Mkono ule ulipapasa hewa kwanza, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia nikisikia fimbo ikija na kuondoka."

Basi ndugu yangu, ukimwona mwenzako ametoka kwenye safu, usiwe mwepesi wa kumrudisha kwa kiwiko. Tazama kwanza kibla kiko wapi. Na ukiwa na mwalimu unayempenda, mbusu mkono, kisha kaa chini umwulize. Mola atujaalie viongozi wanaosikia kabla mtoto hajakua, na atusamehe kwa wale tuliowaambia limekwisha kusemwa ilhali wao walikuwa hawajasema.