Sifa ya Ngoma, Muulize Mwenye Uwanja

“Sifa ya ngoma, muulize mwenye uwanja.” Mmeisikia jana harusini, mkacheka, leo mmekuja kuniuliza chanzo chake. Vizuri. Methali hii haikutungwa na mtu aliyekaa akikuna kichwa. Ilizaliwa hivi.

Pale Nyang’honge, kila mwaka baada ya mavuno, makundi mawili ya ngoma yalishindana uwanja mmoja, wakati mmoja. Waamuzi hawakuwapo. Aliyevuta watu wengi upande wake ndiye aliyekabidhiwa usinga wa ushindi. Lushinge, manju aliyeongoza ngoma ya kundi la kusini, alikuwa ameushika miaka miwili mfululizo, na kujisifu alijua. Mwaka wa tatu, jua likiwaka, aligawa bure maji ya kandoro, yale yanayofungwa kwenye vifuko vya plastiki. Watu walimiminika kama siafu. Wakanywa, wakatupa vifuko, wakamshangilia.

Uwanja wenyewe ulikuwa malisho ya Mayu Nkwimba, mama mjane aliyewaazima kwa moyo mweupe. Haukupita mwezi, ng’ombe wake wa maziwa alivimba tumbo akafa. Walipompasua walikuta donge la vifuko lenye ukubwa wa kichwa cha mtu. Mama yule akauziba uwanja kwa miiba.

Lushinge alikwenda mwenyewe kwa mama huyo, bila kutuma mtu. Moyo ulimuuma kwelikweli.

“Mayu, ng’ombe wako nimemuua mimi. Nimekuletea mtamba wangu.”

“Mtamba nampokea, mwanangu. Uwanja sikupi. Mkishacheza mnakwenda zenu na sifa, mimi nabaki na takataka.”

“Basi mwamuzi uwe wewe,” akasema Lushinge. “Tucheze, lakini usinga usitolewe mpaka kesho yake, ukishaupitia uwanja. Aliyeacha uchafu upande wake ameshindwa, hata akivuta wilaya nzima.”

“Na ukiwa wewe?”

“Hata nikiwa mimi.”

Alijibu bila kusita, maana hakumwona wa kumshinda. Mayu Nkwimba akaiondoa miiba.

Mwaka uliofuata Lushinge alijipanga. Maji yaliwekwa mitungini, watu wakanywa kwa vibuyu. Maganda ya karanga na makapi ya miwa yalitiwa vikapuni, na kila kikapu kilikuwa na mtu wa kukilinda. Ngolo, manju wa kaskazini, alipoona hivyo akafanya vilevile, na Lushinge akamtania kwamba hata kuoga atasubiri aone mwenzake anaogaje. Kwenye mavazi ndiko Lushinge alikotaka kumwacha mbali. Badala ya sketi za katani walizozoea, wachezaji wake walivaa sketi za nyuzi za plastiki zilizofumuliwa kwenye viroba vya nafaka, kijani na buluu, zinazong’aa juani. Walipotikisa viuno, uwanja mzima ulihamia kusini. Ngolo alibaki na shangazi zake na watu wachache.

Asubuhi yake Mayu Nkwimba alipita taratibu, watu wote wakimtazama. Upande wa kaskazini hakuokota kitu. Upande wa kusini hakukuta kifuko hata kimoja, na Lushinge akaanza kutabasamu. Kisha mama akainama. Akainama tena. Kila sketi ilipotikiswa ilikuwa imepukutisha nyuzi, nazo zilikuwa zimejisokota kwenye majani. Akazikusanya mpaka pindo la kanga yake likajaa.

“Hizi ni za nani?” akauliza.

“Nyuzi tu hizo, Mayu!” wafuasi wa kusini wakapiga kelele. “Watu wote walikuwa kwetu!”

“Ng’ombe hajui kwamba ni nyuzi tu.”

Lushinge aliona aibu, na hakuificha. Angeweza kubisha, na kijiji kingekuwa nyuma yake. Lakini neno lilikuwa lake, na mtu mzima halambi matapishi yake. Akauchukua usinga, akamkabidhi Ngolo mbele ya watu wote. Kisha akapiga magoti akaanza kuokota nyuzi, na kundi lake zima likapiga magoti pamoja naye.

Mpaka adhuhuri walikuwa bado wanaokota. Mgeni mmoja kutoka mjini akamsogelea, akamwambia, “Pole, manju. Lakini tusidanganyane, ngoma ya jana ilikuwa yako.”

Lushinge hakuinua kichwa. Akachomoa uzi mwingine wa kijani kwenye majani, akautia kikapuni.

“Sifa ya ngoma,” akasema, “muulize mwenye uwanja.”