Merikebu Iliyolia Kiunoni

Katika mji wa Shamarani, uliozungukwa na bahari pande tatu na bustani za mikomamanga upande wa nne, alitawala Sultani Muntasiri bin Ghadanfari, mkarimu wa mkono na mwepesi wa hasira, na hapakuwa na jambo alilolipenda kushinda kitu kikubwa. Akaamuru iundwe merikebu ndefu ambayo mfano wake haujapata kuonekana, na kazi hiyo akamkabidhi Tamimu bin Harithi, fundi aliyesifika katika bandari zote; na ilipokwisha ikashushwa majini kwa ngoma na zumari, mbingu safi na upepo mwanana, na ilipoyafikia mawimbi marefu nje ya bandari ikatoa mlio kama radi, ikakatika katikati mbele ya macho ya mji mzima. Mabaharia waliokolewa wote, lakini merikebu ilizama vipande viwili.

Mnajimu mkuu akapiga ramli, akasema: "Ewe Sultani wa zama, mbao nene namna ile hazikatiki bila mkono. Fundi huyu amekula njama na jini." Na kwa uganga wake akamnasa jini mmoja aitwaye Dahmushi, akamtia katika chupa ya shaba na kuiziba, na Sultani akahukumu kwamba Ijumaa baada ya swala fundi na chupa wafungiwe ndani ya sanduku moja na kutoswa baharini.

Sultani huyo alikuwa na binti, jina lake Nuhaila, ambaye tangu utotoni alikuwa na maradhi ya kuuliza, hata walimu wake wakawa wanamwona kwa mbali wakakumbuka shughuli nyingine. Siku ile ya msiba alikuwa juu ya dari ya kasri, na watu walipokuwa wakipiga mayowe yeye aliona ubao wa juu umepasuka kwanza, kisha ufa ukashuka chini. Na jambo hilo likamkaa kooni. Kama ni jini, kwa nini achague katikati? Na kwa nini aanzie juu?

Akashuka gerezani, na walinzi hawakuthubutu kumzuia.

"Fundi," akasema, "ni wewe uliyeikata merikebu?"

"Bibi yangu, mtu huikata kazi ya mikono yake?" Tamimu akajibu. "Mbao nilizotia ni nene kuliko za merikebu yoyote. Nawaza mchana kutwa, sipati jibu."

Sauti ikatoka ndani ya chupa: "Na mimi je? Mbona mimi siulizwi? Nilikuwa nakwenda zangu arusini kwa shangazi yangu, nikajikuta humu!"

Nuhaila akainama. "Nakuuliza, ewe Dahmushi. Unajua kilichoivunja?"

"Sijui, binti Sultani. Sisi twaruka, merikebu za nini? Lakini mbao husema, ila nyinyi hamzisikii. Lete kidole chako."

Unywele mmoja mwekundu kama kaa la moto ukapenya kando ya kizibo, ukajizungusha kidoleni mwa Nuhaila, ukapoa, ukawa pete.

Binti Sultani akaenda bandarini, akapanda merikebu kuukuu ya baba yake, akamwomba nahodha amtoe mpaka kwenye mawimbi yale yale. Na wimbi lilipopita chini ya tumbo la merikebu, omo na tezi, yaani ncha ya mbele na ya nyuma, zikaning'inia huku na huku, na mbao za sitaha zikapiga kelele: "Twavutwa! Twavutwa!" na mkuku, ule mti mkuu wa chini kabisa, ukaguna: "Nabanwa!" Kisha mawimbi mawili yakaibeba merikebu kwa ncha zake, tumbo likabaki halina wa kulishika, na vilio vikabadilishana: mkuku ndio uliovutwa, na sitaha ndiyo iliyobanwa. Nuhaila akakimbia kutoka omo hadi tezi, akasikia kilio kinapungua kila alipozikaribia ncha, na kiunoni, katikati ya merikebu, ndiko kilikozidi. Na alipoweka sikio ubavuni, kati ya juu na chini, mbao za hapo zilikuwa karibu kimya, kana kwamba taabu ile haziwahusu. Akacheka peke yake kwa furaha, hata nahodha akamhofia akili.

Akarudi gerezani mbio, nguo zimelowa. "Fundi! Bahari huipinda merikebu kama upinde, juu na chini ndiko kunakoumia, na kiuno zaidi. Sasa niambie, ile kubwa ilikuwaje hapo kiunoni, juu?"

Tamimu akainamisha kichwa. "Hapakuwa na sitaha, bibi yangu. Sultani aliamuru paachwe wazi, ili mwezi uangaze katika ukumbi wake wa starehe. Na shehena yote ya shaba tukaisukuma omo na tezi. Moyo ulinisuta, nikajiambia unene wa mbavu utatosha. Nilimwogopa."

Ijumaa ikafika, na sanduku likawa wazi ufukweni. Nuhaila akasimama mbele ya watu.

"Baba, aliyeikata merikebu namjua. Ni wimbi, na aliyelifungulia mlango ni wewe."

Sultani akashika mpini wa upanga, na watu wakatazama chini. Lakini binti akavua pete, akamnyooshea. "Panda merikebu yako kuukuu, ukasikilize mwenyewe. Ukiona nimesema uwongo, sanduku lina nafasi ya mtu wa tatu."

Sultani akamtazama, akaipokea. Akaenda baharini. Aliporudi uso ulikuwa umembadilika.

"Mbao zalia kama watoto," akasema taratibu. "Na mimi nilitoboa pale pale panapouma."

Akamfungua fundi, akaizibua chupa kwa mkono wake. Na Dahmushi akatoka kama moshi wa ubani, akavuta ndevu za mnajimu mara moja tu, akaenda zake arusini akiwa amechelewa.

Merikebu nyingine ikaundwa, ndefu kama ile, na Tamimu na Nuhaila wakaipanga pamoja: sitaha moja isiyokatika, mbao maradufu juu na chini hapo kiunoni, mbavu nyepesi zaidi ubavuni, na shehena kugawanywa sawasawa. Ikafanya biashara hata pwani za mbali, na Shamarani ikatajirika. Na Sultani akamwoza Tamimu binti yake, kwa ridhaa ya binti, ambaye alimuuliza bwana arusi maswali asubuhi nzima kabla ya kukubali.

Katika safari ya arusi, Sultani akiwa pamoja nao, walikutwa na tufani. Sultani akamshika bintiye mkono, uso umempauka. "Je, yalia?"

Nuhaila, aliyerudishiwa pete yake, akasikiliza. "Yaguna, baba, na yapindika. Hailii."

Nao wakafika salama. Na funzo la hekaya hii kwa wenye kutawala ni kwamba kitu kinachokubeba kina maumivu yake, na aliye juu yake ana wajibu wa kuyasikiliza kabla hajatoa amri.